Spika ya Nyuma Kulia

Mwezi uliopita, baada ya kumzika baba, shangazi zangu walinishangaa. Niliambiwa nichague kitu kimoja cha ukumbusho. Nikaacha saa yake, nikaacha koti lake la Jumapili, nikachukua spika moja ndogo ambayo hata haijaunganishwa na kitu. Ni kidude cheusi cha ukubwa wa kopo la majani ya chai. Waya wake mwekundu na mweusi bado unaning'inia nyuma, na ubavuni kuna kipande cha selotepu kilichogeuka manjano. Juu ya selotepu, kwa mwandiko wa mtoto wa darasa la nne, kumeandikwa NYUMA KULIA.

Niliinusa. Bado ina ile harufu ya plastiki na vumbi lililopashwa moto. Watu wa rika langu mnaijua harufu hiyo, maana sote tulikuwepo siku TV yenye kisogo ilipotolewa sebuleni na ile nyembamba ikaingia. Katika nyumba nyingi siku hiyo ilikuwa sherehe. Kwetu pia ilitakiwa iwe sherehe, na chai ilipikwa ya kutosha.

Tulikuwa tunaishi Kitengela, katika moja ya nyumba sita za kupanga ndani ya ploti ya Mama Sankale, mama wa Kimaasai aliyekuwa na mbuzi wengi kuliko wapangaji. Baba alikuwa ametoka Bungoma kutafuta kazi, akaipata kwenye machimbo ya mawe, akiendesha mashine ya kuponda kokoto. Mama alikuwa mwalimu. Serikali ilimpeleka shule moja ya Kajiado mjini, kwa hiyo alipanga chumba huko na kuja kwetu kila Ijumaa jioni. Siku za katikati ya juma tulikuwa wawili tu, mimi na baba. Alirudi kutoka kazini mweupe kwa vumbi hadi kwenye kope, akaoga, akasonga ugali, mimi nikakaanga sukuma wiki, tukala tukitazama TV.

Na hakuwa ananijibu. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Nilimwambia nimekuwa namba mbili darasani, akaendelea kufungua kamba za viatu. Nilipiga kelele kwamba maziwa yanafurika, akaendelea kusoma gazeti lake hadi maziwa yakazima jiko. Wakati mwingine alijibu swali ambalo sikuuliza, au akacheka mahali pasipo na kichekesho, kisha akanitazama kwa wasiwasi kuona kama nami nimecheka.

Mimi nilijua sababu, au nilidhani ninajua. Jioni moja nilikuwa nimechukia kwa sababu ugali ulikuwa umeungua tena. Nikainamia sahani nikasema: "Mimi nataka kwenda kukaa na mama Kajiado. Hapa sitaki." Baba hakusema kitu. Alimega tonge lingine, akala. Kuanzia siku hiyo nilihesabu kila kimya chake kuwa ni kinyongo. Nilimwomba msamaha mara tatu, na kwa kuwa nilikuwa naona haya kumtazama usoni, mara zote tatu nilisema akiwa amenipa mgongo. Mara zote tatu hakugeuka. Nililia sana chooni mwaka ule, na Mama Sankale akadhani nina minyoo.

Mama Sankale ndiye aliyenifundisha kutoa kichwa. Kwa Wamaasai mtoto hampi mtu mzima mkono. Anainamisha kichwa, mkubwa anaweka kiganja utosini, na hapo salamu imekamilika. "Takwenya," angeniambia, nami ningeitikia, "Iko," nikiwa bado chini ya kiganja chake kilichonuka maziwa na moshi. Baba alipenda kututazama. Siku moja akaanza kufanya hivyo naye. Akirudi jioni aliniwekea mkono kichwani mlangoni, bila neno. Nilichanganyikiwa. Mtu aliyekukasirikia namna hiyo anakusalimuje kwa upole namna hii?

TV yetu ya zamani tuliisikia hadi barabarani. Baba aliongeza sauti, kisha akaongeza tena, hadi msoma habari akawa kama anagombana na sisi. Mama Sankale alikuja mlangoni.

"Baba Nekesa, hii TV yako inaongelesha mbuzi zangu. Jana zimekataa kukamuliwa."

"Asante sana mama," baba akamjibu, akitabasamu.

Mama Sankale alinitazama, mimi nikatazama chini. Ijumaa hiyo mama alipofika, baba akamwambia kwamba TV imekufa sauti na kesho yake tutakwenda kununua nyingine, flat screen, yenye spika za kuzunguka nyumba. Jumapili watu wa kanisa watakuja kuiombea. Kanisani kwetu kitu kipya hakikai ndani ya nyumba bila kuombewa. Sofa ziliombewa, friji iliombewa, na pikipiki ya mzee mmoja ilipakwa mafuta hadi kwenye taa. "Na Mzee Barasa atakuja," baba akaongeza. Mzee Barasa alikuwa mzee wa kanisa, na ndiye pia aliyekuwa bosi wa baba kule machimboni. Mama aliposikia jina hilo aliacha kuvua kiatu, akakaa na kimoja mkononi.

Dukani, ukuta mzima ulikuwa TV, zote zikionyesha samaki wale wale wa rangi. Muuzaji alikuwa dada mcheshi aliyeijua kazi yake. Alieleza kwamba usinunue TV kubwa kuliko chumba, ukikaa karibu sana macho yatauma. Akatufanya tusimame pembeni tuone ipi inapoteza rangi ukiitazama kwa upande, akatuonyesha nyuma matundu ya kuchomekea waya. Akimtazama baba usoni, baba alijibu vizuri. Akigeuka kuonyesha kwa kidole, baba alipotea.

"Sasa baba, unapenda hii ya thelathini na mbili ama ile ya arobaini?"

"Ndiyo."

Dada akacheka. "Ndiyo gani sasa?"

"Ya arobaini," mama akasema haraka. "Anasema ya arobaini."

Baba hakujali samaki wala rangi. "Mimi nataka sauti," alisema.

"Niwaambie ukweli," yule dada akasema, na ninamheshimu hadi leo kwa hilo. "Hizi flat screen ziko na picha, sauti hazina. Spika yake ni kadogo, halafu iko nyuma, inaongelesha ukuta. Mtu akitaka sauti anabeba na home theatre. Mbili mbele, moja katikati, mbili nyuma, na wufa ya besi chini. Sauti inakuzunguka yote."

Akaiwasha. Ilikuwa sauti ya mvua, na mvua ile ilitembea chumbani, ikapita juu ya kichwa changu, nikageuka kuona nani yuko nyuma yangu. Baba alipiga magoti mbele ya wufa akaweka kiganja juu yake. Uso wake ulifunguka.

"Hii!" akasema kwa nguvu hata wateja wakageuka. "Hii naisikia!"

Nilifurahi kwa sababu zangu. Kila jioni niliona mbuzi wa Mama Sankale wakiingizwa kwenye boma, miiba pande zote, hata yule mkorofi hana pa kutokea. Nikawaza, sauti ikimzunguka baba hivyo, hataweza tena kujifanya hanisikii. Na mashine ile ilikuwa na tundu la maikrofoni, na maikrofoni ndani ya boksi. Yule dada alituonyesha hata kitufe cha kuzifanya spika zote tano ziseme kitu kimoja. Njiani kurudi nyumbani nilitunga msamaha wangu.

Baba aliunganisha mwenyewe. Alichubua waya kwa meno, akatema plastiki, mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi. Mimi nilikata selotepu na kuandika: MBELE KUSHOTO, MBELE KULIA, KATI, NYUMA KUSHOTO, NYUMA KULIA. Kulikuwa na namna ya kujaribu. Ukibonyeza rimoti, spika moja inatoa mlio kama wa mafuta ya kukaangia, inanyamaza, inayofuata inaanza, hadi zote zimalizike. Baba alinikalisha kwenye kiti cha katikati nionyeshe kwa kidole sauti inapotoka. Nilionyesha tano, zote sawa. Kisha akakaa yeye.

Alionyesha za mbele. Ya nyuma kushoto alisitasita, akaionyesha. Ya nyuma kulia ilitoa mlio wake wote, ikanyamaza, na baba akawa bado amekaa, kidole hewani, anasubiri.

"Hiyo moja haifanyi kazi," akasema.

Alikaza waya upya. Tukajaribu tena. Haifanyi kazi. Akabadilisha spika, ya kushoto akaiweka kulia. Sasa ile iliyokuwa nzima imekufa na iliyokuwa imekufa imefufuka. Akachubua waya mwingine. Jasho lilimtoka hadi fulana ikashika mgongoni. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na spika ile ile, na roho iliniuma, maana nilielewa kwamba amekataa kusikia upande niliosimama mimi. Sasa nawaza, mtoto akishaamua kwamba kosa ni lake, hakosi ushahidi.

Nikachomeka maikrofoni. Nikabonyeza kile kitufe. Baba alikuwa amechuchumaa kwenye kona, amenipa mgongo, spika ya nyuma kulia iko mikononi mwake.

"Baba, nisamehe," nikasema, na sauti yangu ikatoka kila upande, kubwa, hata mimi ikanitisha. "Nisamehe vile nilisema nataka kwenda Kajiado. Sitarudia. Tafadhali niongeleshe."

Mama alitoka jikoni mbio, mikono ina unga. Baba aliigeuza ile spika, sauti yangu ikitoka humo ndani kwenye viganja vyake, akaitikisa, akaisogeza kwenye sikio la kulia.

"Hii imekufa kabisa," akasema.

Mama alizima mashine. Alikwenda akapiga magoti mbele yake, akamshika mashavu kwa mikono yake ya unga, akamgeuza amtazame mdomo.

"Baba Nekesa. Spika iko sawa."

"Haiko sawa."

"Iko sawa. Mtoto anaisikia. Mimi naisikia."

Baba aliiweka spika chini. "Basi ni mimi nimeharibika," akasema. Sijawahi kusikia mtu akisema neno kwa kukata tamaa namna ile, na nimekaa kwenye wodi za hospitali.

Kisha yote yakatoka. Mashine ya kokoto ilikuwa imemla masikio kidogo kidogo, la kulia kwanza, sasa na la kushoto. Alinunua TV mpya kwa sababu alikuwa anaomba Mungu iwe ni TV. Mama alimwambia tuwapigie simu watu wasije kesho. Baba akakataa. Watauliza kwa nini. "Mzee Barasa akijua, ananitoa kwa mashine. Nikitolewa kwa mashine tunakula nini? Na hiyo mshahara yako, karo na nyumba mbili? Nitaangalia midomo."

"Na wakati wa maombi?" mama akauliza. "Macho imefungwa?"

Hapo nikakumbuka kwamba kanisani baba alibaki amefumba macho muda mrefu baada ya Amina, na watu wakasema huyu ni mtu wa maombi kweli, na mimi nikavimba kichwa. Kumbe alikuwa anasubiri kusikia kwamba tumemaliza.

Jikoni mama alinikalisha juu ya debe. "Baba yako hajawahi kukukasirikia. Hakusikia. Hata ile ya Kajiado hakusikia. Na usimwambie mtu." Naona aibu kuandika hili, lakini nilifurahi. Baba alikuwa kiziwi na mimi nilifurahi, kwa sababu hakunichukia. Baadaye ndipo hofu ikaja, na asubuhi ya Jumapili sikuweza kumeza hata chai.

Walikuja baada ya ibada. Mzee Barasa alikuwa na masharubu mazito yaliyofunika mdomo, na alizungumza akitazama tumbo lake. Akakaa, bila shaka, upande wa kulia wa baba. Mimi nikakaa chini, miguuni pa baba, na kila Mzee Barasa alipouliza kitu nikadakia, "Eti baba, Mzee anauliza kama hii ni ya Japan!" Baba akanitazama mdomo, akajibu. Mama akanikaripia mbele za watu kwamba nina kidomodomo. Tuliigiza hivyo vikombe viwili vizima vya chai.

Kisha pasta akasema tusimame. Wanaume walisogea kwenye TV, pasta akaweka mkono juu yake, baba akasimama karibu, mikono imening'inia. Mama alikuwa amebanwa mlangoni na wanawake na sinia la mandazi. Hangeweza kumfikia. Nilimwona anajaribu kupenya, akashindwa.

"Tufumbe macho."

Mimi sikufumba. Pasta aliomba TV isilete sinema mbaya, aliomba spika zitoe nyimbo za sifa, aliombea umeme. Kisha, "Katika jina la Yesu," na wote, "Amina."

Macho yote yakafunguka isipokuwa ya baba. Mtu akakohoa. Pasta akatabasamu, akarudia, "Amina," kwa sauti zaidi. Baba akabaki ameinama, midomo ikitetemeka kidogo. Mzee Barasa aliacha kufuta masharubu, akageuka kumtazama. Akamtazama tena.

Nilitambaa katikati ya miguu ya watu. Mkono wa baba ulikuwa pale, unaning'inia, mgumu, wenye nyufa za mawe. Nikainamisha kichwa nikakiingiza chini yake, kama ninavyofanya kwa Mama Sankale. Kiganja kilikitambua kichwa changu. Vidole vikafunguka, vikatulia utosini.

"Amina," baba akasema, akafumbua macho.

"Huyu mtu wangu anaomba," Mzee Barasa akasema, watu wakacheka, sinia la mandazi likaanza kuzunguka. Tulikuwa tumeshinda. Mlangoni mama alifuta uso kwa leso.

Lakini baba hakuondoa mkono. Nadhani alihisi nilivyokuwa natetemeka. Alinitazama chini. Alinitazama kana kwamba ndiyo kwanza ananiona, kisha akasema, kwa ile sauti yake kubwa mno:

"Mzee. Mimi sisikii."

Sinia la mandazi likasimama.

"Mtu akipiga kelele nyuma yangu kwa mashine, sisikii. Lori ikirudi nyuma, sisikii. Ni mwaka sasa. Ni Mungu tu hatujaua mtu. Na sasa nimefanya huyu mtoto kuwa masikio yangu. Hapana."

Mzee Barasa alisema kitu ndani ya masharubu. Baba akageuza macho kwangu. Nikamrudishia kwa midomo, polepole: "Anauliza kwa nini hukusema."

"Ningesema, ungeniacha kwa mashine?"

Mzee Barasa aliweka kikombe chini, na pasta, kwa kukosa la kufanya, akaanzisha wimbo.

Jumatatu baba aliondolewa kwenye mashine. Simlaumu Mzee Barasa, mimi mwenyewe ningemwondoa. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua, na ni kweli, ila hawasemi asiyeficha atalisha watoto na nini. Mwisho wa mwezi tulihama, sisi na TV yetu ya inchi arobaini, tukaenda kujibana kwenye chumba kimoja cha mama. Ndivyo nilivyopata nilichokuwa nimeomba juu ya ugali ulioungua. Nilimkasirikia baba miaka mingi. Nilikuwa nimemwokoa mbele ya watu wote, naye akaitupa kazi yangu palepale kati ya mandazi. Ilinibidi nikue, niwe na mtoto wangu, ndipo nielewe kwamba ni mimi aliyekuwa ananiokoa.

Kule Kajiado alianza kuwafungia watu TV na spika. Walicheka kwanza, kiziwi fundi wa sauti. Alifanya kazi kwa kiganja, anaweka juu ya kila spika, mimi nimekaa kiti cha katikati naonyesha kwa kidole. Nilipofika sekondari masikio yake yalikuwa yamekwisha kabisa, yote mawili. Mlangoni bado aliniwekea mkono kichwani, hata nilipokuwa mrefu kumzidi na ikabidi nichuchumae.

Tulimzika Bungoma. Mama Sankale, mzee sasa, alisafiri na gari la watu wa Kitengela. Kaburini pasta aliomba sala ndefu, na mimi nilifumba macho kuliko nilivyowahi kufumba. Nilisubiri. Nilisikia udongo ukianza kuanguka, nikasikia wimbo, nikasikia mtu akiniita jina, na bado sikuinua kichwa. Amina ilikuwa imepita zamani. Nilijua imepita. Nilikuwa nimeinama nikingoja mkono.

Ndipo kiganja kikaja utosini, chepesi, kinanuka maziwa na moshi.

"Takwenya, Nekesa," Mama Sankale akasema. "Wamemaliza."